Mpira wa kikapu ukidunda haurudi ulikotoka: ile nishati inakwenda wapi? Walimu na wazazi tukutane hapa

#1 Chaki Nyeupe
Wakuu, salaam. Nafundisha sayansi watoto wa miaka kumi na kumi na moja. Juzi niliingia darasani na mpira wa kikapu. Tukabandika ukutani karatasi ndefu yenye mistari ya sentimita. Mmoja anaachia mpira, wawili wamechuchumaa na chaki wanaweka alama pale ulipofikia. Mchezo wenyewe ni kubashiri: kabla mpira haujaachiwa kila mtoto anaandika namba yake, na aliyekaribia zaidi ndiye anayeachia raundi inayofuata.

Tuliachia kutoka sentimita 180. Mdundo wa kwanza ukafika 130, wa pili 86, wa tatu 61. Binti mmoja, mkimya siku zote, akauliza: "Mwalimu, zilizobaki zimekwenda wapi?" Nikajibu kwa kujiamini, "Graviti imezila." Akafikiri kidogo, akasema: "Lakini graviti ndiyo iliyoupa mpira kasi ukishuka. Ukipanda ikachukua kasi yake. Si wamelipana?"

Nikajikuta nafuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu.

Naomba msaada mara mbili. Kwanza, nishati ile inakwenda wapi, kwa maneno ambayo mtoto atayashika? Pili, mbona uwiano unarukaruka? Nimepiga hesabu: mdundo wa kwanza asilimia 72, wa pili 66, wa tatu 71. Nilitegemea namba moja.

#2 Mchokozi
Nimewahi siti ya mbele. Ila uzi bila picha ya ule ubao mtupu haunogi.

#3 Fundi Pampu
Jibu ni hewa, hakuna kingine. Mpira wenye hewa haba unatua pwaa kama gunia. Ukiujaza unadunda. Mwanangu aliacha wake nje usiku wa baridi, asubuhi akaja analia kwamba umetoboka. Tukautia kwenye maji, hakuna hata povu moja. Ulipokaa ndani hadi mchana ukafufuka wenyewe. Baridi ilikuwa imesinyaza hewa, basi.

Mwambie binti kwamba mpira ukigonga chini hewa inabanwa, na haina nguvu ya kurudisha yote.

#4 Refa Mstaafu
Kabla hamjafika mbali: kanuni za FIBA (shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu) nilizochezeshea mimi zilitaka mpira ukiachiwa kutoka mita 1.8 udunde kati ya mita 1.2 na 1.4. Kwa hiyo 130 ya mleta uzi iko katikati kabisa. Mpira wake mzima. Mgonjwa atafutwe kwingine.

#5 Dada Pembetatu
Fundi Pampu, hapo kwenye "haina nguvu ya kurudisha yote" nakupinga. Hewa ni springi nzuri sana. Ukiibana inarudisha karibu yote uliyoipa. Mlaji ni raba na ngozi ya mpira. Kila ikijikunja na kujikunjua inasuguana yenyewe kwa yenyewe ndani, na msuguano huo unazaa joto.

Kuna mchezo mdogo kwa hili. Kila mtoto apewe utepe wa raba, auguse kwenye mdomo wa juu, auvute ghafla kisha auguse tena. Utakuta una vuguvugu. Darasa zima litashangaa kwa pamoja.

#6 Kipenga
Kuhusu swali la pili: mtoto aliusukuma. Nimefundisha timu za watoto miaka mingi, sijaona mtoto anayeachia mpira bila kuusindikiza na mikono. Ndiyo maana mdundo wa kwanza umepanda kuliko inavyostahili.

#7 Fundi Pampu
@Dada Pembetatu kama mlaji ni raba, mbona nikipunguza hewa mpira unadunda kidogo na raba ni ile ile?

#8 Dada Pembetatu
Kwa sababu hewa ikipungua mpira unabonyea zaidi, kwa hiyo raba inajikunja zaidi na kula zaidi.

#9 Mchokozi
Kwa hiyo ni hewa. Lakini si hewa. Asanteni, nimeelimika.

#10 Mzee Kipimo
Refa (#4), umesahau nusu ya sentensi, na nusu hiyo ndiyo yenye utamu. Kanuni ile ilisema 1.8 ipimwe kutoka CHINI ya mpira, halafu 1.2 hadi 1.4 ipimwe JUU ya mpira. Katikati kuna mpira mzima wenye kipenyo cha takriban sentimita 24.

Chaki Nyeupe, watoto waliochuchumaa waliweka alama usawa wa wapi?

#11 Chaki Nyeupe
Juu ya mpira. Ndipo macho yanapoona kwanza. Na wakati wa kuachia, mtoto alikuwa amesimama kwenye kiti, sehemu ya chini ya mpira ikigusa mstari wa 180. Duh.

#12 Mzee Kipimo
Toa 24 kwenye kila mdundo. 130 inakuwa 106, 86 inakuwa 62, 61 inakuwa 37. Sasa gawanya: 106 kwa 180 ni asilimia 59. 62 kwa 106 ni 58 na ushei. 37 kwa 62 ni karibu 60. Uwiano wako ulikuwepo muda wote, uliufunika kwa unene wa mpira.

Na kwa maoni yangu hilo ndilo somo lenyewe, kuliko hata nishati. Usiwape jibu. Wape zile namba tatu zinazorukaruka, waache watafute mwizi.

#13 Refa Mstaafu
Nimekubali kadi. Miaka yote nilikuwa nautazama juu tu.

#14 Kipenga
Mzee Kipimo hesabu zako safi, ila hoja yangu ya kusukuma bado iko hai. Namba zikilingana mara moja si ushahidi. Arudie mara kumi.

#15 Baba Mapacha
Niseme kama mzazi. Wanangu walifanyiwa jambo kama hili darasani: mpira mdogo wa tenisi juu ya mpira wa kikapu, vikaachiwa pamoja. Ule mdogo uliruka kama kombora, ukavunja taa ya dari. Nilipowauliza usiku wamejifunza nini, mmoja alisema "taa ilipasuka," mwingine akasema "mwalimu alisema neno baya." Sayansi sikuiona. Nauliza kwa nia njema: michezo hii inafundisha, au inachangamsha tu?

#16 Mchokozi
Nataka kulijua hilo neno baya. Kwa ajili ya utafiti.

#17 Nusu Duara
Baba Mapacha, wamejifunza kwamba nishati inahama. Hawajapata maneno ya kusemea tu. Mpira mkubwa unagonga chini kwanza, unageuka kupanda, unakutana na mdogo ambao bado unashuka. Mdogo unapokea kasi kutoka kwa mkubwa. Kihesabu, kama hakuna kinachopotea na mkubwa ni mzito sana kuliko mdogo, mdogo unaondoka na kasi mara tatu, na kimo kinakuwa mara tisa. Kwenye maisha halisi haufiki huko, lakini kwa taa ya dari unatosha.

Kwa usalama: mfanyie nje. Au badala ya tenisi tumia kimpira chepesi cha sponji, wabashiri kimo wakiwa wamerudi hatua tano.

#18 Dada Pembetatu
Na angalieni uzuri wake: watoto wengine wamejiuliza nishati ya mpira mkubwa "inakwenda wapi", hapa wanaiona. Baada ya mgongano mpira mkubwa unabaki chini, umenywea. Umetoa.

#19 Siku Moja
Mimi nilipoangusha mpira mara nyingi nikaugusa ulikuwa na joto kabisa. Kwa hiyo nakubaliana na hoja ya joto.

#20 Mzee Kipimo
@Siku Moja joto ulilolisikia ni la viganja vyako, au la jua. Tupige hesabu. Mpira una uzito wa kama gramu 600. Kwenye mdundo wa kwanza wa Chaki kimo kilichopotea ni sentimita 74. Hiyo ni nishati ya joule (kipimo cha nishati) 4 na kidogo. Ukiigawa kwenye gramu 600 za raba, joto linapanda chini ya sehemu moja ya mia ya nyuzi. Hakuna mkono wa binadamu unaosikia hilo.

Mtu wa skwoshi ndiye ana haki ya kusema hivyo. Kile kimpira kidogo hupigwa kwanza mara nyingi kipate moto, kikiwa baridi hakidundi cha maana. Ila kinapigwa kwa nguvu na tena na tena.

Na Fundi Pampu, kuhusu usiku wa baridi uko sahihi zaidi ya ulivyojitetea. Kutoka nyuzi 30 hadi 5 za Selsiasi, mgandamizo kamili wa hewa ndani unapungua kama asilimia 8. Inaonekana kidogo, lakini hewa ya nje inausukuma mpira muda wote, kwa hiyo kinachohesabika ni ile ziada ya ndani. Ziada hiyo inapungua karibu robo. Ndiyo maana mtoto alilia.

#21 Fundi Pampu
Ipigiwe mstari: "uko sahihi". Nafungua kinywaji.

#22 Mwana wa Atomu
Nimechelewa. Dada Pembetatu (#5), mchezo wa utepe wa raba naupenda, nautumia pia, lakini hauthibitishi ulichokisema. Ukivuta utepe unapata joto, ni kweli. Ukiuachia taratibu na kuugusa tena, unapoa. Yaani lile joto unalolisikia kwa sehemu kubwa linarudi. Si nishati iliyopotea. Iliyopotea ni ile tofauti ndogo inayobaki baada ya kuvuta na kuachia, na mdomo hauioni kirahisi. Mtoto mjanja atakubana hapo.

#23 Dada Pembetatu
Hapo umenishika kweli. Nilikuwa nausimulia vile miaka yote, na hakuna mtoto aliyenibana. Sijui nifurahi au nihuzunike.

#24 Mama Wawili
Mimi si wa fizikia, nafundisha wadogo wa miaka saba. Huwa nafanya hivi: watoto kumi wanasimama mstari mmoja, bega kwa bega. Wa kwanza anasukuma bega la jirani taratibu, msukumo unapita hadi wa mwisho. Wa mwisho hupata kidogo sana. Nawauliza msukumo mwingine umebaki wapi. Wanaangaliana, kisha mmoja anasema, "Mimi niliyumba." Mwingine: "Mimi nilicheka." Nawaambia ndani ya mpira kuna vipande vidogo sana, vingi kupita kuhesabu, na vyenyewe vinayumba na kucheka. Ukiujumlisha ule utikisikaji wote, wakubwa wanauita joto.

#25 Mwana wa Atomu
Nimefundisha chuo muda mrefu sijawahi kueleza joto vizuri kiasi hiki. Hilo "nilicheka" naliiba.

#26 Sakafu Ngumu
Wote mmeisahau sakafu. Mpira ule ule, hewa ile ile, kwenye saruji unadunda hivi, kwenye mbao vile, kwenye godoro hauamki. Sakafu nayo inabonyea na kula. Chaki, darasa lako lina sakafu gani?

#27 Chaki Nyeupe
Saruji yenye zulia jembamba la plastiki. Sasa mmeniongezea mtuhumiwa wa tatu. Kesho nitagawa darasa: kundi la hewa, kundi la raba, kundi la sakafu, kila moja litetee mshtakiwa wake.

#28 Baba Mapacha
Na kundi la taa?

#29 Kipenga
Tutoke kwenye kudunda kidogo, maana watoto wanachotaka ni kufunga. Huwa nawaambia "rusha juu, rusha juu", wanaona nawapigia kelele tu. Kuna mchezo wa kuwaonyesha kwa nini?

#30 Nusu Duara
Upo, na ni rahisi ajabu. Kunja waya uwe pete. Mtoto aishike mbele ya jicho moja. Akiitazama kutoka juu kabisa anaona duara. Aiinamishe taratibu: duara linakuwa yai, yai linakuwa mstari. Mpira unaokuja unaiona ringi hivyo hivyo.

Ringi ina kipenyo cha sentimita 45 na kitu. Mpira 24. Ukiingia wima kabisa unaiona ringi nzima. Ukiingia kwa nyuzi 45 kutoka usawa wa ardhi, nafasi ni kama sentimita 32. Ukija bapa kwa nyuzi 30 nafasi inashuka hadi kama 23. Mpira haupiti tena bila kugusa chuma. Wakate duara la karatasi la milimita 24 na pete ya milimita 45 waone wenyewe.

#31 Kipenga
Kwa hiyo juu zaidi ni bora zaidi. Nilijua.

#32 Nusu Duara
Taratibu kocha. Ukirusha juu sana unahitaji nguvu zaidi, na mkono wenye nguvu nyingi unakosea zaidi. Kuna pembe inayotumia nguvu ndogo kuliko zote: chukua 45, ongeza nusu ya ile pembe ambayo macho yanainuka kutazama ringi kutoka pale mpira unapotoka mkononi. Ringi iko mita 3.05 juu. Mtu mzima anayeachia mpira kwenye mita 2.1, akiwa mstari wa mtupo huru (ule wa kurusha bila kuzuiwa na mtu), anapata kama nyuzi 51. Mtoto anayeachia mpira kwenye mita 1.5 anapata kama 55. Aliye mfupi lazima arushe kwa mwinuko mkubwa zaidi.

#33 Mzee Kipimo
Ongeza na hili: ukirusha kwa nguvu ndogo kabisa, pembe ya kuingia ni 90 toa ile ya kurushia. Mtoto wa nyuzi 55 mpira wake unaingia kwa 35. Nafasi hapo ni sentimita 26 tu. Mpira ni 24. Kwa hiyo mtoto aliyechoka, anayerusha kwa nguvu za chini kabisa, ana sentimita mbili za kukosea. Ndiyo maana viwanja vingi vya watoto hushusha ringi na kutumia mpira mdogo. Si kuwadekeza.

#34 Kipenga
Kwa hiyo si juu kabisa, si chini kabisa. Nitawaambiaje watoto hiyo kwa kupiga kelele?

#35 Siku Moja
Mbona Michael Jordan alifunga pointi 100 mechi moja na hakujua nyuzi hata moja?

#36 Refa Mstaafu
Siye Jordan. Pointi 100 ni Wilt Chamberlain, tarehe 2 Machi 1962, mjini Hershey, Pennsylvania. Jordan alikomea 69. Na usiku ule Chamberlain, ambaye mitupo huru ilikuwa ugonjwa wake, alifunga 28 kati ya 32. Alikuwa anarusha kwa mikono miwili kutoka chini, katikati ya magoti, kama mtu anayemwaga ndoo ya maji. Baadaye akaacha mtindo huo kwa sababu aliona anachekwa. Mchezaji mwingine, Rick Barry, hakujali vicheko, alirusha hivyo hivyo na kumaliza NBA, ligi kuu ya Marekani, akiwa amefunga karibu asilimia 90 ya mitupo huru.

#37 Kipenga
Na huo mtindo una sayansi: mikono yote miwili inafanya jambo moja, na mpira unatoka ukijizungusha kwa nyuma. Ukigusa chuma unapoteza kasi, unakaa pale pale badala ya kukimbia.

#38 Mwana wa Atomu
Mzunguko wa nyuma pia unaelea hewani kidogo, hewa inausukuma juu.

#39 Mzee Kipimo
Kwa umbali wa mita nne? Kidogo sana kiasi cha kutobishania. Kazi ya mzunguko ni pale unapogusa chuma au ubao ulio nyuma ya ringi. Kwenye ubao unaufanya mpira ushuke.

#40 Mwana wa Atomu
Kidogo si sifuri mzee.

#41 Mchokozi
Darasani kwangu miaka ile tulirusha karatasi iliyofinyangwa kwenye pipa la taka, mwalimu akatuchapa. Leo ni "somo la pembe".

#42 Mama Wawili
Nimejaribu mtindo wa ndoo leo na wadogo wangu, kapu likiwa sakafuni. Waliokuwa hawajawahi kufunga hata mara moja wamefunga. Kisha kijana mmoja akakataa katakata: "Hivyo wanarusha watoto." Ana miaka saba.

#43 Baba Mapacha
Nimerudi. Mapacha wamesoma uzi huu juu ya bega langu. Mmoja ameniuliza kama mpira ukidunda milele ungekuwa unavunja sheria. Nikamwambia aulize mwalimu wake. Nafuta kauli ya #15, nusu yake.

#44 Chaki Nyeupe
Taarifa ya leo. Kesi imesikilizwa. Kundi la hewa walitoa hewa pampu kumi na kuonyesha mdundo ukishuka. Kundi la raba wakasema ushahidi huo ni wao, tazama ulivyobonyea. Kundi la sakafu wakatandika sweta chini na mpira ukagoma kuamka. Kura: hewa 11, raba 9, sakafu 12. Yule binti hakupiga kura. Kasema washtakiwa wote wanashirikiana, hawezi kumfunga mmoja.

Kisha tukarudia vipimo mara kumi kama alivyotaka Kipenga. Tukatoa 24 kila mara. Uwiano ukacheza kati ya 57 na 61.

#45 Kipenga
Mtoto aliachia au alisukuma?

#46 Chaki Nyeupe
Tulitumia ubao mwembamba, mpira unakaa juu yake, unavutwa ghafla pembeni.

#47 Mzee Kipimo
Safi. Na ule ubao ulikuwa juu ya mstari wa 180, au unene wake ulikuwa chini ya mstari?

#48 Chaki Nyeupe
Narudi na rula.